Nyumba ya makumbusho na majirani zake

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo nyumba ya kale iliyogeuzwa kuwa makumbusho inaweza kuwafaa majirani zake, au itabaki kuwa ya wageni tu. Nami naona inaweza, mradi ipewe shughuli zinazolingana na vyumba vyake. Mfano wangu ni Nyumba ya Makumbusho ya Kiswahili, iliyomo ndani ya mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Nyumba hiyo ya karne ya 18 ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haizidi urefu fulani, vyumba ni virefu lakini vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: daka, yaani baraza ya mlangoni; kiwanda, yaani ua wa wazi; misana, yaani kumbi ndefu; na hatimaye ndani, chumba cha faragha chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka, zilizonakshiwa. Kadiri mtu alivyokuwa wa karibu na wenye nyumba, ndivyo alivyoruhusiwa kuingia zaidi. Kwa hiyo anayetaka kukusanya umati humo anakosea tangu mwanzo. Mashindano ya majahazi na ya punda, yanayochangamsha siku za Maulidi na tamasha la utamaduni, yana nafasi yake ufukoni.

Humo ndani panafaa watu wachache wenye kazi ya kufanya. Akina mama wa mtaani wanaweza kuwafundisha mabinti kuchora hina, na wazee wakaghani tendi, yaani tenzi, kiwandani baada ya alasiri. Hata hivyo, shughuli ninayoitamani kuliko zote ni ya chokaa. Wenye nyumba wengi hukimbilia saruji kwa sababu hukauka haraka, ilhali saruji huufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Chokaa huuacha ukuta upumue, lakini inataka subira: matumbawe huchomwa, chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa ilainike kabla ya kupakwa. Kuta za nyumba hii zinahitaji kukarabatiwa kila mara, hivyo ukarabati wenyewe ufanywe hadharani, fundi akiwa na vijana wa mtaa, na mwenye nyumba jirani aulize kuhusu ukuta wake unaomsumbua na ajibiwe papo hapo.

Siku hizo majirani waingie bila kiingilio, na tangazo litolewe mapema misikitini na shuleni, kwa maana kibao kilichobandikwa mlangoni huwafikia wale tu ambao tayari wamekuja.