Nilichoma Nguzo Kuukuu, Pasheni Zikaacha Kuzaa

Shamba letu la Muheza lina ekari moja na nusu, na kwa miaka kadhaa sehemu iliyoniingizia fedha kuliko nyingine ilikuwa kipande kidogo cha pasheni za njano zilizotambaa kwenye waya, katikati ya nguzo za miti. Mwaka nilipopata vijisenti vya ziada niliamua kulisafisha shamba: niling'oa nguzo zote zilizotobokatoboka, nikasimamisha za zege, nikafyeka mipaka hadi udongo ukabaki mtupu, na zile nguzo kuukuu tukazipikia maharage. Msimu uliofuata maua yalichanua kwa wingi na kudondoka karibu yote. Niliongeza mbolea, kisha nikashauriwa kuweka mzinga. Nyuki waliingia mzingani, asali tukaila, na maua yakaendelea kudondoka.

Nilichelewa kulitambua kosa langu kwa sababu nilikuwa nikikagua mizizi na majani, wala sikuwahi kukaa mbele ya ua lenyewe. Ua la pasheni ya njano hufunguka karibu na saa sita mchana na kufumba usiku, na halishiki tunda kwa chavua ya mmea wake wenyewe. Ni lazima iletwe kutoka mmea mwingine. Mifuko yake mitano ya chavua huelekea chini, na juu yake kuna vichwa vitatu vya kupokea chavua, ambavyo hujipinda polepole kushuka baada ya ua kufunguka. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa nafasi ile. Nilimfuatilia mmoja kwenye maua saba mfululizo: alikuwa akitua pembeni, akikomba chavua hadi miguu ikavimba, kisha akiondoka bila kuvigusa vile vichwa hata mara moja. Anayeiweza kazi hiyo ni yule nyuki mkubwa mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, ambaye akiinama kunyonya maji matamu ya ua, mgongo wake husugua chavua na kuipeleka ua linalofuata. Naye ndiye mtoboaji wa mbao. Nilikuwa nimeipikia maharage nyumba yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomshauri mwenye pasheni ni kumwachia mdudu huyu mti mkavu. Simamisha magogo ya mti mlaini au mafungu ya mianzi mikavu, yasiyopakwa rangi wala dawa, penye kivuli na juu ya mawe ili mchwa wasiyafikie. Jike hutoboa tundu la mviringo, akagawa vyumba ndani yake, na katika kila chumba akaweka donge la chavua na yai moja. Mafundi wa paa hawampendi, na wana haki yao, lakini boriti zikipakwa rangi ya mafuta na magogo yakiwa karibu, yeye huchagua magogo. Angalau kwangu ndivyo ilivyokuwa. Dume hana mwiba, na jike hachomi ovyo.

Faida yake haiishii kwenye pasheni. Maua ya biringanya na nyanya hufungia chavua ndani ya vijimirija, nayo hutoka vizuri yanapotikiswa kwa mvumo wa nyuki, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti walimkuta nyuki mtoboa mbao akiwa miongoni mwa wachavushaji wakuu wa biringanya.

Nyuki wengi wa porini hujenga chini ya ardhi. Mimi ni mtu wa matandazo, yaani wa kufunika udongo kwa majani makavu, na ilinibidi nijizuie: nimeacha ukanda mmoja wenye jua, usiolimwa wala kufunikwa. Mipakani nimerudisha mbaazi na kivumbasi, na kishonanguo siking'oi mpaka kimalize maua. Jirani yangu alipoona majani ya mbaazi yamekatwa miduara safi kama kwa mkasi, alikuja na bomba la dawa mgongoni akiniambia, "Mzee mwenzangu, umevamiwa." Nilimwomba tusubiri kidogo, na haikupita muda akatokea nyuki wa kijivu, akakata kipande chake na kuruka nacho kwenda kutandikia vyumba vya watoto wake. Mbaazi zilizaa kama kawaida.

Kuhusu dawa, ule ushauri wa kupulizia jioni unafaa kwa maboga, ambayo maua yake hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, lakini kwa pasheni ya njano jioni ndiyo saa maua yangali wazi. Ni afadhali kujua saa ya kila ua kuliko kushika kanuni moja. Nikilazimika, pasheni nazipulizia mapema asubuhi, upepo ukiwa umetulia, na ndiyo sababu siku hizi sipandi maboga chini yake.

Magogo yalikaa msimu mzima bila mpangaji. Msimu wa pili nilikuta unga mbichi wa mbao chini ya gogo la tatu, na sasa nahesabu matundu kumi na manne. Siku za mvua, wanapojifungia ndani, bado nazunguka kuanzia saa saba mchana nikichavusha kwa kidole, hasa mistari iliyo mbali na magogo.