Kilo 214 Zilipogeuka 428

Msimu mmoja wa kahawa nilitengeneza databesi ya chama cha msingi huku Rungwe. Jedwali la wakulima, la mapokezi ya kahawa, na la malipo. Ripoti ya kwanza ilipotoka kwenye printa nilijiona fundi kweli. Kesho yake mzee mmoja akaingia ofisini na stakabadhi zake kwenye mfuko wa nailoni, maana mvua ya Tukuyu haina adabu.

"Mwanangu, hizi kilo 428 nimezitoa wapi? Mimi nimeleta 214."

Nilipoteza siku mbili nikimshuku karani wa mizani. Nisamehewe. Namba ilikuwa mara mbili kamili, na mizani mbovu haikosei kwa usafi wa namna hiyo. Ukiona jibu ni mara mbili au mara tatu kamili, acha kuhangaika na fomula, nenda kaangalie jinsi majedwali yalivyounganishwa. (Tofauti kati ya namba iliyotoka na iliyotarajiwa ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi: 63 ikaandikwa 36.)

Nilichopaswa kufanya siku ya kwanza ni hiki: kuchukua mkulima mmoja na kuiambia databesi initolee mistari yake yote bila kujumlisha chochote. Mzee alikuwa na stakabadhi nne: 48, 48, 61 na 57. Kwenye skrini ilikuja mistari minane. Alikuwa amelipwa mara mbili, malipo ya awali na malipo ya pili, nami nilikuwa nimeunganisha mapokezi na malipo kwa namba ya mkulima. Kila stakabadhi ikashikana na kila malipo, nne mara mbili. Safu ya fedha ilikuwa mbaya zaidi, kila malipo yamejirudia mara nne. Hiyo mzee hakuilalamikia, alicheka tu. Waliokuwa wamelipwa mara moja kilo zao zilikaa sawa, ndiyo maana kosa lilionekana kama linachagua watu.

Nikakimbilia njia ya mkato, nikaweka DISTINCT (amri ya kuhesabu namba zinazofanana mara moja tu) ndani ya SUM (amri ya kujumlisha). Mzee akarudi: sasa ana kilo 166. Zile 48 mbili zilikuwa za siku mbili tofauti, lakini databesi iliona namba zinafanana ikatupa moja. Usiitumie dawa hiyo. Jumlisha mapokezi peke yake kwa kila mkulima, jumlisha malipo peke yake, halafu ndipo uunganishe hizo jumla mbili.

Kuna na la makato. Asiyekopa mbolea, nafasi yake ya deni ilikuwa tupu, na tupu siyo sifuri: ukitoa tupu kwenye fedha, jibu ni tupu. Watu hao wakapotea kwenye jumla kuu kimyakimya. Amri ya COALESCE ikaigeuza tupu kuwa 0, yakaisha.

Siku hizi chini ya kila ripoti naweka mstari unaojumlisha kilo moja kwa moja kutoka jedwali la mapokezi, bila kuunganisha na kitu. Karani analinganisha jumla hiyo na ile ya ripoti kwa kalamu nyekundu kabla ripoti haijabandikwa ukutani. Zikipishana hata kilo moja, ananipigia simu, na hata nikiwa Mwanjelwa sokoni napokea.