Mchora katuni, anza na mhusika

Vijana wengi huniuliza kalamu ipi ni nzuri na programu ipi ya kuchorea. Tumia yoyote uliyonayo. Gazeti la kila siku linatafuta mtu ambaye wasomaji watamfungulia ukurasa kabla hawajagusa habari, na mtu huyo ni mhusika wako. Ndivyo alivyokuwa Chakubanga wa Christian Gregory kwenye Uhuru, na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Juha umweke dukani, umpeleke ukweni, msomaji keshajua mambo yataharibika, na anataka kuona yataharibikaje.

Kwa hiyo mpe mhusika kitu anachokitaka siku zote. Wangu ni konda wa daladala anayetamani kuheshimiwa. Nauli ikipanda, mvua ikinyesha, uchaguzi ukikaribia, sihangaiki kutafuta kichekesho. Najiuliza tu yeye angefanya nini.

Halafu andika kabla ya kuchora. Mimi huanza na maneno ya kisanduku cha mwisho, kisha narudi nyuma, kisha nakata. Konda akisema, "Abiria wangu, naomba msogee kidogo ili na wenzenu wapate nafasi," maneno yatamfunika uso. Akisema, "Nyuma kweupe!" huku mlango umembana mzee na kuku wake, kazi imekwisha. Mchoro ukishasema, mdomo unyamaze.

Karatasi ya gazeti inakunywa wino. Mistari myembamba hupotea, iliyobanana hugandana. Punguza kazi yako hadi ukubwa itakaotoka nao, umpe mama asome bila miwani. Weka na akiba ya katuni zisizochacha, maana kuna malaria na kuna misiba, na ukurasa haungoji.

Sasa mkataba, na hapa naomba unisikilize sana. Gazeti moja nililolichorea, tulipoachana, lilitaka konda wangu aendelee kwa mkono wa mchoraji mwingine. Karatasi tuliyosaini ilisema katuni zilizochapwa ni zao, mhusika ni wangu. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoniokoa. Charles Schulz wa Marekani alichora katuni yake mwenyewe kwa karibu miaka 50, lakini jina la katuni hiyo, Peanuts, lilichaguliwa na kampuni iliyoisambaza magazetini mwaka 1950, na hakulipenda maisha yake yote.

Kabla ya kusaini, uliza: mhusika ni wa nani? Michoro halisi itarudi kwangu? Vikitoka vitabu, fulana au filamu, nalipwaje? Kama uko Tanzania, sajili kazi zako mapema COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mhariri niliyemwomba sentensi ile hakubisha hata kidogo; aliichukua kalamu akaiongeza palepale. Nawe iombe siku ya kwanza, wakati bado wanakuhitaji.