Wasifu wa mama ulikuwa mistari minne tu, nataka kuuandika upya

SWALI: Shangazi shikamoo. Mama yetu tulimzika mwezi wa tatu huku Hombolo, wasifu ukasomwa harakaharaka, kazaliwa, kaolewa, kaugua, kafariki, basi. Iliniuma sana. Mwezi wa nane tunamjengea kaburi na itakuwepo ibada ya shukrani, familia imeniambia niandike upya. Tatizo mama hakusoma, hakuajiriwa, na mwaka aliozaliwa hatuujui. Halafu kuna dada yetu mama alimzaa kabla ya ndoa, yupo Mpwapwa, kaka mkubwa anasema asitajwe. Nifanyeje? (Kitinda mimba, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hayo maumivu wengi wanayo na hawasemi. Siku hizi wasifu tumeuzoesha kufuata vyeti, shule ya msingi fulani, sekondari fulani, kaajiriwa, kastaafu, sasa mtu ambaye hakukanyaga darasani anaonekana kama hakuishi wakati ndiye aliyewasomesha hao wenye vyeti! Wewe andika kazi zake.

Kaa na mama mdogo, kaa na mashoga zake aliokuwa anaenda nao shamba. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, watakujibu mcheshi, mpenda watu, na hayo yanasomwa kila msiba. Waulize vitu vya kushikika, yaani uwele alilima wapi, maji alichota wapi kabla ya bomba, mwaka wa njaa alifanya nini mkalala mmekula, mtoto wa nani alimlea kama wake. Na kama alikuwa na shamba la zabibu, huko kwenu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, basi fuatilia hela ya kila msimu ilienda wapi. Ukiandika "ada ya kaka ya form two ilitoka kwenye zabibu za mama" watu wote pale watamuona, huhitaji tena kuandika kwamba alikuwa mchapakazi.

Mwaka wa kuzaliwa unapatikana, wazee wetu wa Ugogo wanahesabu kwa matukio. Waulize, alizaliwa wazungu wakiwa wanalima karanga Kongwa? Ule mradi ulianza 1947 na kufikia 1951 ulikuwa umekufa. Uhuru wa 1961 ulimkuta bado anachunga ndama au keshavunja ungo? Na ile Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wanahamishiwa vijijini, alihama na mtoto gani mgongoni? Ukiunganisha hayo unaandika "alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940", inatosha kabisa, usibuni tarehe ili karatasi ipendeze. Jina liandike kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, halafu weka na lile la nyumbani, maana kuna majirani wanamjua kwa hilo tu.

Ugonjwa usiuelezee sana, "aliugua kwa muda" inatosha.

Sasa huyo dada wa Mpwapwa. Atajwe, hapo mimi siyumbi. Wataje watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, yeye akiwa wa kwanza basi awe wa kwanza, na usimbandike maneno ya "kabla ya ndoa" au "wa nje", mama aliwabeba wote tumboni sawasawa. Na mtoto aliyetangulia mbele za haki naye mtaje. Ukimruka mtu pale kaburini, ukoo mzima unasikia, na kesho mkikaa kikao cha mirathi huyo aliyerukwa anakuja na kidonda kibichi. Kaka yako usibishane naye kwenye grupu la WhatsApp la familia, mtafute mjomba wenu aongee naye pembeni, neno la kaka yake mama kwenye jambo hili lina uzito kuliko la mdogo wa mwisho.

Ukimaliza, soma kwa sauti, isizidi dakika tano, na anayesoma siku hiyo apewe mapema azoee majina. Ila kabla ya hapo mpigie simu dada yako, msomee yote, muulize na yeye anamkumbuka mama kwa lipi, uliongeze.