Kabla mama hajapasuliwa kifundo, nunua daftari

Mkuu wa Iringa, mama yako anapasuliwa kifundo cha mguu na umeuliza hospitali ipi, mama atakaa na hogo wiki ngapi, ale nini mfupa uunge. Halafu mwishoni kabisa, utajuaje kama kapata nafuu, na ukajijibu: "si atasema mwenyewe". Hapo hapo ndipo mimi nilipoliwa.

Nilianguka na bodaboda mteremko wa Isanga, kifundo kikaunga kombo, mwaka uliofuata wakanipasua upya na kutia vyuma. Kabla ya kisu hakuna aliyeniuliza naweza nini na siwezi nini. Na mimi, mjinga nambari moja, sikuandika kitu. Baada ya hogo nikaangukia kwa jamaa wa mazoezi ya viungo, mwenye koti jeupe kuliko elimu yake. Siku ya kwanza: maumivu ngapi kati ya 10? Nikasema 7. Wiki ya nne nikasema 6. Akapiga makofi! "Unaona? Tunasonga, ongeza miezi mitatu." Aisee, 7 kwenda 6! Siku hiyo jua lilitoka tu, na Mbeya mwezi wa saba jua lenyewe ni dawa. Waliochunguza kipimo hicho cha maumivu walikuta wagonjwa wanaosema wamepata nafuu ya maana huwa wameshuka kama 2 hivi. Mimi nililipia moja. Magunia manane ya viazi vya Uyole yakaishia kwake, huku chooni bado nachuchumaa nimeshika ukuta kama fundi anayepima rangi. Daktari mwingine alipotazama, skrubu ilikuwa imechomoza kwenye kiungo. Mazoezi yote yale nilikuwa naisugua. Nikapasuliwa tena.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya upasuaji, andika: kuchuchumaa, kushuka daladala, kupanda kilima cha kanisani, kusimama mpaka ugali uive. Kila kimoja 0 (hawezi kabisa) hadi 4 (hana shida). Wamarekani wana dodoso lao la kupima uwezo wa mguu na kifundo, FAAM, la 2005: maswali 21 ya shughuli za kila siku, jumla inageuzwa kuwa kati ya 100, na waliolitunga walikadiria mgonjwa asipopanda pointi 8 hivi, hiyo bado si nafuu ya kushangilia. Rudia maswali yale yale, saa ile ile, mwezi hadi mwezi.

Na usimuulize "mama unaendeleaje". Mama zetu watakujibu "namshukuru Mungu" hata mguu ukiwa kwenye mfuko wa rambo.

Mambo ya hogo na supu ya makongoro wakuu wengine watakujibu. Anapasuliwa lini?