Pedi tu, sasa breki nzima

SWALI: Nimefungua tairi la mbele nibadilishe pedi za breki tu, kumbe diski imechimbika na pistoni ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) hairudi ndani hata nikisukuma vipi. Nifunge pedi mpya hivyohivyo?

JIBU: Hapana ndugu yangu, usifunge! Pistoni ikikwama pedi inabaki inasugua diski muda wote, inachemka, na gari linavuta upande mmoja. Legeza kwanza nati ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa, sukuma pistoni tena, ikirudi shuku mpira wa breki (ule unaoleta mafuta ya breki kwenye kalipa) umeziba ndani, isiporudi basi kalipa ndo yenye shida. Diski pima unene, kiwango cha chini mara nyingi kimeandikwa palepale kwenye diski, ukibadilisha badilisha za mbele zote mbili. Malizia kwa kutoa upepo kwenye mafuta ya breki mpaka pedali iwe ngumu, na usitegemee jeki peke yake, weka stendi tafadhali.