Mume wangu akitoka naiti haongei na mtu

SWALI: Shikamoo Anti. Mume wangu ni daktari, anasomea ubingwa wa magonjwa ya dharura, yuko hospitali moja kubwa hapa Dodoma. Zamani alikuwa mcheshi balaa, sasa hivi akitoka naiti anapita tu sebuleni, hasalimii, analala na nguo za kazini. Juzi nikamuuliza vipi kazini, akasema "walikuja watu wa basi" akageukia ukutani. Wifi yangu anasema ana mchepuko. Mi naona kachoka, ila uchovu gani huu hauishi hata akiwa ofu? Nimsaidieje?
Mama Jei, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mchepuko mi sijauona hapo, wifi apunguze maneno.

Hao watu wa basi ndo jibu lenyewe. Ajali ikitokea barabara ya Morogoro majeruhi wanaletwa kwa mpigo, mmoja anamfia mikononi na dakika hiyohiyo kitanda cha pili kuna mtoto ana degedege na mama yake analia, anatakiwa ahamie pale kama hakijatokea kitu, na huko nyuma hakuna aliyemuuliza vipi we mwenyewe uko sawa. Halafu fani yenyewe kwetu bado changa, Muhimbili wamefungua idara kamili ya dharura 2010 tu, mabingwa wa kumshika mkono ni wachache, mzigo unamwangukia anayejifunza.

Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 walieleza uchovu wa hivi kwamba unatokana na kazi, sio ugonjwa: mtu anaishiwa nguvu, kazi inamchukiza, anajiona hafai. Kwa hiyo supu ya mbuzi peke yake haitoshi, japo mpikie.

Wewe linda usingizi wake wa mchana. Na hili jua letu na mabati, funika dirisha hata na blanketi, simu itoke chumbani, Jei aende kwa jirani. Kahawa alfajiri aache, itamkesha kitandani. Na kama anaendesha pikipiki mwenyewe akitoka naiti hapo kuwa mkali kabisa, mtu aliyekesha akiingia barabarani hana tofauti na mlevi, bora alipe boda. Mambo ya kazini usimuulize mlangoni. Muulize kala, basi, jioni mkitembea kidogo atasema mwenyewe.

Yaliyobaki ni ya kazini. Amwambie msimamizi wake wa mafunzo kuhusu rota, naiti zisifuatane hovyo. Na wakipoteza mgonjwa timu isimame hata dakika tano waseme nini kimetokea, tena aanze bosi. Wale mabosi wa "sisi tulikesha siku tatu hatukufa" waniwie radhi, hiyo sio sifa, na mgonjwa wa siku ya tatu hakuulizwa.

Kuhusu msaada wa kitaalam, najua hapa Dodoma ukitaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanacheka, na daktari ndo anaogopa zaidi maana atakayemkuta pale huenda walisoma darasa moja. Basi atafute mtaalam mwingine, hata kwa simu. Ila ukimsikia anasema bora asingekuwepo, au ameanza kunywa ndo alale, usisubiri ofu yake, siku hiyohiyo mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu, uende naye wewe mwenyewe na usimwache peke yake hata dakika.